Je, wajua kwa nini moto wa ghala la bandarini huzimwa leo ukaamka kesho?

Anayepikia makumbi ya nazi anaijua siri hii bila kufundishwa. Usiku, chungu kikishaepuliwa, kumbi lenye kaa hufukiwa kwenye jivu. Halina ulimi wa moto, halina hata moshi wa kutajika. Alfajiri jivu linapekuliwa kwa kijiti, kaa linapulizwa mara mbili tatu, na chai inatengwa bila kibiriti. Moto ule ulikesha humo ndani ukivuta pumzi kidogo kidogo.

Sasa kumbi hilo likuze liwe ghala zima pale Malindi, bandarini Unguja, au Wete, Pemba, na badala ya jivu weka marobota ya mitumba, magunia ya karafuu na mbata (nazi iliyokaushwa), yamepangwa mpaka karibu na mabati. Zimamoto wakifika huupiga kwanza moto unaoonekana. Ndimi zikilala, watu waliojaa nje hushangilia na wengine huondoka zao. Kumbe kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Robota limebanwa kwa nguvu. Ukilimwagia maji hulowa ngozi tu. Mengine huteleza pembeni na kwenda zake mferejini. Katikati nyuzi zinaendelea kuungua polepole, kwa sababu moto usio na ndimi hutosheka na hewa haba, na pamba iliyouzunguka inalifunika joto lake kama lile jivu la jikoni. Ndiyo maana zimamoto huweza kuchanganya maji na dawa ya povu, inayofanya kazi kama sabuni: maji matupu hukaa juu ya nguo kavu kama vitone, ya sabuni hupenya.

Mbata ni kichekesho kingine, kwani yenyewe haimsubiri mtu alete moto. Ikiingizwa ghalani haijakauka sawasawa, ukungu na bakteria huipasha. Kisha mafuta yake yakikutana na hewa huongeza joto, na joto lililo katikati ya rundo halina pa kutokea. Linapanda na kupanda hadi rundo linashika moto. Katika kanuni za kimataifa za mizigo ya hatari baharini mbata ina namba yake, 1363, katika kundi la 4.2, la vitu vinavyoweza kuwaka vyenyewe. Mkaa nao umo kundi hilohilo. Kwa hiyo mlinzi akiapa kwamba ghala limewaka lenyewe, tusiwe wepesi wa kumcheka, ingawa nyaya za umeme zilizochakaa nazo zina kesi nyingi za kujibu.

“Na maji si hayo, bahari nzima?” Swali hili halikosi. Maji yapo, ila pampu ni hodari wa kusukuma kuliko kuvuta. Kinachoyapandisha maji kwenye mpira wa kuvutia ni mgandamizo wa hewa, na hata kwa hesabu za darasani hauwezi kuyainua zaidi ya mita 10. Kazini ni 7 au 8 hivi. Visiwani kwetu, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, kujaa na kukupwa huko hupishana kwa mita kama 4. Mpira uliotumbukizwa bahari imejaa unaweza saa chache baadaye kuning'inia juu ya tope, jirani na ngalawa zilizolala ubavu. Ncha ikitoka majini pampu inameza hewa, na aliyeshika mpira mbele ya moto anabaki na bomba tupu. Mkuu wa zamu hapo lazima ajue maji yanajaa au yanakupwa, sawa na nahodha. Chumvi nayo hula vyuma, hivyo pampu husafishwa baadaye kwa maji yasiyo na chumvi. Tena maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo umeme hukatwa mapema.

Halafu kuna kuta. Nguzo ya chuma ikifika nyuzi 600 hivi za Selsiasi imeshapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Ghala la zamani la mawe ya matumbawe lina hila yake: jiwe hilo ndilo tunalolichoma tanuuni kupata chokaa. Moto mkali ukiliunguza kwa muda mrefu, kuelekea nyuzi 900, uso wake unageuka chokaa mbichi. Maji yakiugusa unafura, unachemka, unamomonyoka. Huku ndani magunia ya mchele yaliyolowa yanavimba na kuusukuma ukuta kwa nje. London, tarehe 22 Juni 1861, maghala ya ukingoni mwa mto Thames, barabara ya Tooley, yaliwaka yakiwa na katani, pamba, sukari na viungo. Mkuu wa zimamoto, James Braidwood, aliangukiwa na ukuta akafa. Moto wenyewe ulichukua wiki mbili kwisha kabisa.

Basi hakuna njia ya mkato. Kijiko, ile mashine ya kuchotea, huingia, mzigo hutolewa nje kidogo kidogo na kutandazwa uwanjani. Robota lililopoa kabisa kwa nje, limelowa chapachapa, linakatwa kamba zake, linachanwa kwa panga. Moshi mwembamba unatoka kwenye mpasuko, na ndani kabisa, baina ya suruali na mashati, pamekolea wekundu.