Kwa nini uandike mwenyewe, kisha uambiwe umeandikiwa na mashine?

Mwanafunzi wa uzamivu anampelekea msimamizi sura ya pili ya tasnifu. Inapitishwa kwenye programu ya kubaini kazi za akili mnemba, na jibu linarudi: sehemu kubwa imeandikwa na mashine. Naye aliihangaikia usiku kucha, kwa Kiingereza cha kujifunzia darasani. Imekuwaje?

Programu hizo hazijui nani alikuwa kwenye kibodi. Zinakisia tu. Nyingi hupima kila neno lilikuwa rahisi kubashiriwa kiasi gani kutokana na yaliyolitangulia. ChatGPT, programu ya akili mnemba iliyotoka Novemba 2022, huunga maneno yanayoelekea kufuatana, hivyo maandishi yake hubashirika. Lakini anayeandika kwa lugha ya pili naye hupita njia hiyohiyo. Akifika kwenye matokeo ataandika “the results show that”, maana ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyosoma kwenye makala mia. Hana akiba ya misemo ya kuchezea.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu 7 kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Insha za wanafunzi wa darasa la 8 wa Marekani zilipita karibu zote. Kisha watafiti wakaiagiza ChatGPT izitie zile za TOEFL msamiati wa kisomi zaidi, na kiwango kikashuka hadi takriban asilimia 12. Yaani kazi ya mkono ilishukiwa, na iliyopitia kwa mashine ikaachwa ipite! Hilo linaniuma, kwa sababu wengi wetu huandika tasnifu kwa lugha tusiyoiota usiku.

OpenAI, wenye ChatGPT, waliondoa kibaini chao wenyewe Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kikazima kibaini cha Turnitin, programu ya kukagua kazi za wanafunzi.

Kwa hiyo tunza rasimu zako zote, hata zile chafu. Ukiitumia ChatGPT kunyoosha sarufi, mwambie msimamizi mapema. Na msimamizi mwenye shaka amkalishe mwanafunzi wake, amuulize kwa nini alihoji watu 40 na si 80, na kwa nini katika kijiji kile. Kwa aliyeifanya kazi mwenyewe, jibu litatoka hata kabla chai haijapoa.