Chanjo za kulipia: maswali ya wazazi wa Lamu

Ni zipi, na mbona kliniki ya serikali haizitoi?

Ni chanjo zisizo katika ratiba ya taifa, mfano tetekuwanga, homa ya ini aina ya A na matumbwitumbwi. Kuachwa nje si dalili kwamba hazifai. Ratiba hutanguliza maradhi yanayoua watoto wengi zaidi, kama surua, nimonia na kuhara kwa rotavirusi.

Nianze na ipi?

Fungua kwanza kijitabu cha mama na mtoto. Dozi ya pili ya surua, ya miezi 18, husahaulika sana kwa kuwa mtoto keshatembea na safari za kliniki zimekoma. Hiyo ni ya bure. Kamilisha kabla ya kutoa pesa.

Tetekuwanga huchomwa miezi 12 hadi 15, kisha miaka 4 hadi 6. Homa ya ini A huanza mwaka mmoja, dozi mbili zikiachana miezi 6. Tetekuwanga na surua zina virusi hai, kwa hivyo zichomwe siku moja, ama zipishane wiki 4. Zikikaribiana kuliko hapo, ya pili huenda isishike.

Zina nguruwe?

Baadhi zina jelatini ya nguruwe, inayolinda virusi hai visiharibike. Chanjo ya tetekuwanga ya Varivax inayo; Varilrix haina. Basi uliza jina la chanjo, si jina la ugonjwa tu, na usome karatasi iliyo ndani ya boksi. Wanazuoni waliokutana Kuwait mwaka 1995 waliona jelatini iliyokwisha kugeuka umbile ni halali. Asiyetulia na rai hiyo ana ya kuchagua.

Twaenda Umra na mtoto wa miaka miwili.

Saudia hudai cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, aina ya ACWY (hizo ni herufi za aina nne za bakteria inaowakinga), kuanzia umri wa mwaka mmoja. Ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika.

Naweza kununua chanjo Mombasa nije nayo?

Hapana, mpeleke mtoto iliko chanjo. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8 muda wote, na basi hadi Mokowe kisha boti ni safari ndefu. Kosa la kawaida ni kuilaza juu ya barafu: ya homa ya ini A ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Ya tetekuwanga huuawa na joto. Kliniki yoyote, uliza friji yao hufanyaje umeme ukikatika, wakibabaika, ondoka.

Baada ya sindano?

Kaeni hapo dakika 15. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, mwite mhudumu papo hapo. Homa ndogo ni kawaida. Mpe parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Baada ya tetekuwanga vipele vichache vyaweza kutokea ndani ya mwezi, na aspirini asipewe kwa wiki 6. Waulize wenye duka dawa ina nini, maana vidonge vingi vya maumivu huuzwa bila boksi.