Kushuka pwani si kukwepa somo

Hapa Bagamoyo, darasa likionekana ufukweni watu husema, "Leo hawasomi, wanacheza." Sivyo. Muulize mtoto wa mvuvi bamvua ni nini: atakwambia maji hujaa sana na kutoka mbali mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Hiyo ni fizikia ya mvutano wa mwezi na jua, kaja nayo kutoka nyumbani. Kila siku maji huchelewa kujaa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mpe saa, daftari na kijiti cha kuchomeka mchangani, apime mwenyewe. Maabara hiyo hainunuliwi. Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alilalamikia shule zinazomtenga mtoto na jamii yake. Wengi wetu tulikumbuka jembe tu, yaani kazi za shamba la shule.