Je, wajua kwa nini kumkimbia polisi wa barabarani Marekani ni kosa kubwa kuliko lile alilokusimamishia?

Ilikuwa karibu saa sita usiku, tarehe 18 Julai 2004, katika mji wa West Memphis, jimbo la Arkansas. Askari mmoja alilisimamisha gari dogo kwa sababu taa yake moja ya mbele haikuwa ikiwaka. Dereva alisimama. Askari akamwuliza kama amekunywa, akamwomba leseni, leseni isitolewe. Alipomwambia ashuke, dereva akakanyaga mafuta akaondoka, na abiria wake, mwanamke mmoja, akiwa kando yake. Walivuka mpaka wa jimbo wakaingia Memphis, Tennessee, mwendo ukipita kilomita 160 kwa saa, huku wakiyapita magari zaidi ya 24 ya watu waliokuwa wakienda zao. Mwisho wa mbio hizo polisi walifyatua risasi 15. Dereva na abiria wote wawili walikufa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba polisi wale hawakuvunja katiba.

Chanzo cha yote kilikuwa taa moja, kitu cha kubadilishwa na fundi kwa dakika chache. Nimeisoma kesi hiyo mara nyingi, na kila mara narudi pale pale: gari lilikuwa tayari limesimama.

Basi kwa nini sheria, iliyokuwa ikidai faini ndogo tu, inageuka kuwa kali kiasi hicho mara dereva anapokimbia? Ni kwa sababu kukimbia hakuhesabiwi kuwa sehemu ya kosa la kwanza. Ni kosa jipya, lenye kifungu chake na adhabu yake, na linaanza upya tangu dereva anapoona taa za polisi na kuamua kutosimama. Kosa la kwanza laweza hata kufutwa na hili la pili likabaki. Katika majimbo mengi, hata kama askari hakuwa na sababu halali ya kukusimamisha, kule kukimbia kwako kunashtakiwa peke yake. Uhalali wa kusimamishwa ni hoja ya mahakamani, na barabarani hakuna hakimu.

Kila jimbo lina sheria yake, kwa hiyo dereva anayevuka mpaka anavuka na adhabu zake pia. Minnesota, ambako wanaishi Wakenya wengi, kumkimbia askari kwa gari ni kosa kubwa la jinai tangu mwanzo: kifungo cha hadi miaka 3 na siku moja, au faini ya hadi dola 5,000, au vyote viwili. Mtu akiumia vibaya sana katika mbio hizo, kifungo chafika miaka 7. Akifa, miaka 40. Tena sheria hiyo haisemi habari za kuongeza mwendo tu. Kuzima taa za gari ili usionekane, au kukataa tu kusimama kwa nia ya kumkwepa askari, vyote vinahesabiwa kuwa kukimbia.

California huanza chini zaidi, na jela ya hadi mwaka mmoja, ila dereva akiendesha bila kujali maisha ya wengine anaweza kushtakiwa kwa kosa kubwa, na mtu akifa hukumu ni miaka 4, 6 au 10. Florida inahesabu kosa hili kuwa kubwa hata kama hukuendesha kwa fujo: hadi miaka 5, na leseni hufutwa kwa mwaka 1 hadi 5. Ukikimbia gari la polisi lenye nembo, taa na king'ora vikiwa vimewashwa, na wewe ukaenda kasi ya hatari, ni hadi miaka 15.

Kwa mhamiaji kuna mzigo wa pili ambao hakimu wa jinai hautaji anaposoma hukumu. Kosa kubwa la jinai linaandikwa kwenye faili lako, na faili hilo ndilo litakalofunguliwa siku ya kuomba uraia. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kujikuta mbele ya jaji wa uhamiaji akijitetea asirudishwe kwao, baada ya kifungo chenyewe kwisha. Mtu aliyetembea kutoka Kivu hadi kambini, akangoja miaka mingi mpaka akapata viza, asiiweke safari hiyo yote rehani kwa ajili ya tiketi ya mwendo kasi.

Lakini mahakama inajuaje kwamba ulikimbia, si kwamba hukumwona askari? Hapa sheria imejaribu kutenda haki. Kwa kawaida mwendesha mashtaka lazima athibitishe kwamba ulijua na ulikusudia. California inataka mambo mahususi: gari la polisi liwe na alama zinazotambulika, taa nyekundu iwe inawaka mbele yake na uwe umeiona au ilipaswa uione, king'ora kipigwe inavyohitajika, na askari awe amevaa sare. Gari lisilo na alama zozote, likikufuata usiku na mtu wa nguo za kiraia ndani yake, halitimizi masharti hayo.

Upande wa pili wa swali ni mwili wa mtu anayekimbia, na hapa kesi iliyoweka msimamo ilitoka jimbo la Georgia. Machi 2001 kijana wa miaka 19 alinaswa akienda maili 73 kwa saa, yaani kilomita 117, mahali penye kikomo cha maili 55. Kosa la kawaida kabisa. Hakusimama. Polisi walimfukuza kwa takribani dakika 6 na karibu kilomita 16, nyingi katika barabara nyembamba ya njia mbili. Askari mmoja, Timothy Scott, aliomba ruhusa kwa redio ya kumsimamisha kwa kumgonga, akajibiwa amtoe barabarani. Akaligonga gari la kijana kwa nyuma kwa bampa lake. Gari likaacha barabara, likaporomoka na kupinduka. Kijana akapooza mikono na miguu, maisha yake yote.

Alishtaki, na mahakama ya rufaa ikakubali kwamba kesi yake iende mbele ya wazee wa baraza, yaani raia wa kawaida wanaoketi mahakamani kuamua ukweli wa kesi. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ikaifunga kwa kura 8 dhidi ya 1. Majaji walikuwa wametazama mkanda wa kamera ya gari la polisi, na mahakama ikauweka kwenye tovuti yake ili kila mtu ajionee. Jaji Scalia, aliyeandika uamuzi, aliuliza ni nani aliyeleta hatari, akajibu kwamba ni dereva, si raia waliokuwa wakipita barabarani. Kuhusu hoja kwamba polisi wangeweza tu kuacha kumfukuza na kumkamata baadaye, alisema sheria ya namna hiyo ingemfundisha kila anayewakimbia polisi kwamba akiongeza mwendo na kuruka taa nyekundu chache, ameshinda. Jaji Stevens peke yake alikataa. Yeye aliutazama mkanda ule ule na kuona kwamba swali hilo lilipaswa kuachiwa wazee wa baraza.

Mimi naona Stevens alikuwa na hoja. Kijana hakuwa mwizi wala muuaji, namba ya gari lake ilionekana, na idara nyingi za polisi Marekani leo zina kanuni zinazowakataza askari kufukuza gari kwa makosa madogo, kwa sababu mbio hizi huua watu wasiohusika. Lakini dereva asijidanganye na kanuni hizo. Polisi wakiacha kukufukuza, shtaka haliachwi. Namba ya gari inatosha kuwafikisha mlangoni kwako.

Na mlangoni pia kuna kesi yake. Katika Kaunti ya Sonoma, California, mtu mmoja alikuwa akiendesha huku akipiga muziki kwa sauti kubwa na kubonyeza honi ovyo. Askari akawasha taa nyuma yake alipokuwa amebakiza kama mita 30 kufika kwake. Yule mtu akaingia gereji, na lango lilipokuwa likijifunga askari akatia mguu chini yake, akaingia. Vipimo vilionyesha pombe zaidi ya mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilisema kumfukuza mtu kwa kosa dogo hakumpi askari ruhusa ya kuingia nyumbani bila kibali kila mara, bali hutegemea dharura iliyopo. Ni ushindi kwa haki ya nyumba. Ila tazama jinsi mambo yalivyoanza: sekunde chache za kutosimama.

Dereva aliyejifunza Dar es Salaam anahitaji kujua jambo moja zaidi, kwa maana mazoea yake yanaweza kumponza bila nia mbaya. Kwetu trafiki yuko mbele yako. Unamwona kwa mbali na sare yake nyeupe, anainua mkono, unasogea pembeni. Mara nyingi unashuka na kadi ya gari mkononi ukamfuate mzungumze. Marekani askari anatokea nyuma, unamwona kwenye kioo, na mgeni hudhani labda anataka kupita tu akaendelea na safari. Sogea kulia na usimame, kwa kuwa sheria inadai hivyo kwa gari lolote la dharura lenye taa na king'ora. Kama ni wewe anayekutaka, atasimama nyuma yako. Usishuke. Hapo kushuka kunasomwa kama kutaka kukimbia au kushambulia. Shusha kioo, washa taa ya ndani ikiwa usiku, mikono iwe juu ya usukani aione, na umwambie kabla ya kuipeleka kwenye sanduku la dashibodi kutafuta karatasi.

Kama umesimamishwa mahali pa giza na moyo hautulii, punguza mwendo sana, washa hazadi, piga 911, namba ya dharura, ueleze gari lako na kwamba unaelekea kituo cha mafuta kilicho karibu. Simu hiyo hurekodiwa. Haikupi kinga ya uhakika, ila ni ushahidi wa nia yako, na shtaka la kukimbia husimama juu ya nia.

Askari akikuandikia tiketi ambayo si haki, iweke saini. Saini ile si kukiri kosa. Ni ahadi kwamba utalipa au utafika mahakamani kwa tarehe iliyoandikwa, na huko ndiko utakakomwonyesha hakimu picha ya taa yako ya mbele ikiwaka.