Jana jioni ulikula na nani?

Kabla sijamfunga mgonjwa mkanda wa kupimia presha, humuuliza swali hilo. Huliuliza mapema, kisha namwacha atulie kimya dakika 5, maana kuongea hupandisha kipimo.

Kliniki yetu iko Eastlands, hapa Nairobi. Kuna mzee mmoja, mstaafu, ambaye presha yake ilikataa kushuka hata baada ya kuongezewa dawa mara mbili. Nilipomuuliza, alijibu polepole: "Peke yangu, daktari. Tangu mama watoto atangulie, ni mimi na redio." Anaishi orofa ya nne, na majirani zake hakuwajua hata kwa majina. Siku akisahau vidonge, hakuna wa kumuuliza.

Upweke huumiza mwili kwa njia mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo, kukosa mtu wa kukukumbusha dawa au kukwambia, "Leo huonekani vizuri, twende hospitali." Ya pili imejificha zaidi. Mwili wa mtu aliye mpweke huwa kama mlinzi wa usiku, macho muda wote. Homoni za wasiwasi, kama kotisoli, hukaa juu, mishipa hukaza na usingizi huwa wa mang'amung'amu.

Mwaka 2010, mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 308,000. Wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi wa wengine kwa asilimia 50, katika miaka 7.5 kwa wastani. Mimi hurudia zaidi utafiti wa Sheldon Cohen wa mwaka 1997. Watu 276 wenye afya walitiwa virusi vya mafua puani. Wenye uwezekano mdogo zaidi wa kuugua walikuwa wale wenye mahusiano ya aina nyingi: ndoa, majirani, kazini, kanisani.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona chama cha kuchangiana kikibaki cha kutumiana hela kwa simu tu. Pesa inafika, sawa, lakini ile chai ya Jumapili, ambapo mtu angegundua kuwa umekonda, imepotea. Rudisheni hiyo chai, tafadhali.

Yule mzee nilimwomba ashuke tu, akae na wazee wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda karibu na ploti yao. Sisemi drafti ndiyo iliyomtibu, kwani dawa anaendelea kumeza. Ila sasa humeza kila asubuhi, kwa sababu saa nne kuna watu wanaomngoja. Siku moja hakutokea. Wakapanda orofa nne, wakabisha, wakamkuta na homa kali na kumleta kwetu.

Alipopona, aliniomba kadi yake. Pale pa mtu wa kupigiwa simu palikuwa wazi tangu mkewe afariki. Alinitajia nambari ya mwenzake wa drafti, nami nikaijaza.