Darasa linalofuata mwezi: ratiba mpya ya maktaba yetu, Kigoma

Tumebandika ratiba mpya mlangoni, na tangu juzi kila anayepita ananiuliza swali lilelile: mbona darasa la kisomo cha watu wazima halina siku? Programu nyingine zina Jumamosi au Jumatano, lakini hili limeandikwa tu "siku za mbalamwezi, saa kumi na moja jioni". Halikukosewa. Mimi ni mkutubi, kupanga saa ni sehemu ya kazi yangu, na saa hii imenichukua muda mrefu kuipata.

Mara ya kwanza tuliliweka darasa asubuhi, saa nne. Wiki ya kwanza viti vilijaa. Wiki ya tatu wakabaki akina mama wawili. Nikateremka ufukweni Kibirizi kumtafuta mmoja wa walioacha, nikamkuta anageuza dagaa kwenye mchanga. Akaniambia, "Mwanangu, nimependa kusoma, lakini hiyo bure yenu inanigharimu ndoo mbili. Nikiondoka hapa jua likiwa kali, nani atanigeuzia?" Niliondoka nikiwa na jibu ambalo sikuwa nimelisoma chuoni. Hatukumtoza shilingi, ila tulimtaka aache mzigo wake uharibike.

Anayeishi mbali na ziwa huenda hajui mambo haya yanavyokwenda. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za umeme wa betri. Mwanga huwavuta samaki juu, kisha wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haishindi mwanga wa mbinguni, dagaa hutawanyika, na mitumbwi mingi hulala ufukweni. Wavuvi wanapumzika, na kwa kuwa hakuna kinachoshushwa, waanikaji nao mikono yao iko huru. Hapo ndipo tulipoliweka darasa: siku kama kumi kila mwezi, mwezi mpevu ukiwa katikati yake. Tunamaliza saa kumi na mbili na nusu. Jua letu huzama baadaye kuliko la Dar es Salaam, kwa hiyo anayeswali anawahi magharibi bila kukimbia.

Mwaka 2024, ziwa lilipopumzishwa, yaani uvuvi uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, vijana wa mitumbwini walikuwa na jioni nyingi tupu. Ziwa likipumzishwa tena, darasa litakuwa kila siku ya kazi hadi uvuvi ufunguliwe.

Ndani ya darasa hatuanzi na kitabu cha watoto. Mtu wa miaka hamsini ukimpa picha ya mpira na neno "mpira" unamvunjia heshima. Tunaanza na maneno ya kazi yake: dagaa, wavu, taa, deni. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu irabu ni tano tu na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Anayeshika da, de, di, do, du leo, kesho anasoma "deni" na "dada" bila kufundishwa upya. Baada ya silabi tunaingia kwenye simu. Ujumbe wa pesa una jina, kiasi, salio na tarehe, na mwanafunzi anajifunza kuusoma mwenyewe. Nimeona mama mfanyabiashara akimpa kijana wa jirani simu yake amsomee salio, na namba ya siri akamtajia. Hilo linaniuma kuliko kingine chochote ninachokiona kaunta kwangu.

Wazee wetu wanaikumbuka kazi hii. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu wakasoma chini ya miembe na kwenye maghala. Pamoja na madarasa zikaanzishwa maktaba za vijijini, kwa sababu ilijulikana kwamba aliyejua kusoma akikosa cha kusoma, husahau. Ndiyo maana kila anayemaliza silabi kwetu anaazima kitabu siku hiyohiyo. Hatudai picha wala barua ya mtendaji. Jina na mtaa vinatosha.

Watoto wana Jumamosi saa nne asubuhi, hadithi kwa muda wa saa moja. Tunasoma kwa sauti, kitabu kimegeuziwa kwao ili wafuate picha. Wengi nyumbani wanaongea Kiha, basi bibi akitaka kusimulia kwanza kwa Kiha, anakaribishwa. Mzazi halazimiki kubaki, ila akibaki nafurahi.

Jumatano mchana ni za fomu. Dirisha la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu likifunguliwa, vijana hujazana stesheneri, wanalipia kila ukurasa, na wengine wanaacha neno la siri kwa mtu wasiyemjua. Kwetu kompyuta ni bure na unajaza kwa mkono wako, mimi nikiwa pembeni. Ada ya Bodi au ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ni yao, utailipa kwa kontroo namba. Ninachoomba ni kimoja: anza na cheti cha kuzaliwa. Bodi inataka kiwe kimehakikiwa na RITA, na aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Uhakiki unachukua siku. Anayekuja wiki ya mwisho mara nyingi amekwamia hapo, hata awe na alama nzuri namna gani.

La mwisho ni jipya, na nakiri ndilo ninalolisubiri zaidi. Alhamisi moja kila mwezi tunawaalika wazee wa Ujiji na Mwanga walete picha za zamani: bandarini, stesheni, harusi, wafanyakazi wa MV Liemba. Meli ile Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, wakiwa wamepaka mitambo yake grisi ili isioze, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927. Habari hizo zimeandikwa vitabuni. Majina ya mabaharia na makuli waliopiga picha mbele yake yako vichwani mwa wazee tu.

Tafadhali usibandike picha iliyochanika kwa selotepu, gundi yake huila karatasi. Usiandike nyuma kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya hadi upande wa sura. Penseli laini inatosha. Zilete ndani ya bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, kwa kuwa unyevu wa ziwa ukiingia humo hautoki. Meza itakuwa ukumbini kuanzia saa tisa alasiri. Tutaiskani picha ukiwa umekaa hapohapo, tutaandika majina utakayotutajia, na utaondoka nayo.