"Lakini dokta, sisi hatuchomi mtu sindano"

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Kijana wa uzamili, andiko lake la utafiti wa mifumo ya afya limepangika vizuri, ananijibu kwa upole kabisa: "Lakini dokta, sisi hatuchomi mtu sindano. Tunauliza maswali tu." Nimekaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti miaka ya kutosha kujua kwamba kauli hiyo ikitoka, chai ya saa nne tutainywa saa sita.

Basi tuanze na hiyo.

Dhana: Utafiti wa sera na mifumo ya afya hauna madhara, kibali cha maadili ni urasimu tu

Kanuni za maadili ya utafiti tulizorithi, kuanzia Kanuni za Nuremberg za 1947 na Tamko la Helsinki la 1964, ziliandikwa na watu ambao mawazo yao yalikuwa kwa daktari na mgonjwa wake. Anayezisoma mbiombio huona kwamba pasipo na dawa mpya wala kutoa damu, yeye hazimhusu. WHO ilitoa mwongozo mahususi kwa utafiti wa aina yetu mwaka 2019, kwa sababu hatari zake zina sura nyingine. Kwetu anayeumia mara nyingi hata si mgonjwa. Ni nesi.

Kuna kazi moja niliyoletewa mambo yakiwa yameshaharibika. Mada ilikuwa upungufu wa dawa vituoni. Watafiti walihoji wafawidhi, yaani wakuu wa vituo, wakafuta majina yote, na kwenye sura ya mbinu wakajisifu kwa hilo. Kisha chini ya nukuu moja wakaandika: "Mfawidhi wa kike, kituo cha afya, tarafa ya mlimani." Tarafa hiyo ina kituo cha afya kimoja! Mama wa watu alikuwa amesema kwamba maboksi yanayoshushwa ni pungufu kuliko hati anayotakiwa kusaini. Ripoti ilipofika wilayani hakuna aliyehitaji kuuliza nani kasema. Kabla ya masika alishapewa barua ya uhamisho, kituo kipya kikiwa mbali na shule ya watoto wake. Sindano hakuchomwa.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameshauchoka: kabla nukuu haijatoka, mpe mtu wa timu anayeijua wilaya ile aisome. Akitaja jina la msemaji kabla hajaweka karatasi mezani, nukuu haijaiva. "Mfawidhi" andika "mtumishi wa kituo", jinsia iache, vituo viwili vichanganye. Na kama maneno bado yanamfichua, yaache daftarini. Sijawahi kuona makala iliyokufa kwa kukosa nukuu moja.

Anayedhani sera ni kitu baridi akumbuke pia sakata la maji la Nairobi. Katika jaribio lililofanyika Kayole-Soweto, wenye nyumba waliokuwa na madeni ya maji walipangwa kwa bahati nasibu, baadhi yao wakapelekewa notisi ya kukatiwa wasipolipa. Matokeo yalichapishwa 2020 na mitandao ya Kenya ikawaka moto. Bili ilikuwa ya mwenye nyumba, lakini bomba likifungwa anayetembea na ndoo ni mpangaji. Watu waliuliza swali ambalo kamati yoyote ingepaswa kuliuliza mapema: huyu mpangaji alikubali lini? Hapo napo hakuna aliyechomwa kitu.

Wengine wakibanwa hubadili jina. "Dokta, huu si utafiti, ni tathmini." Ndugu yangu, ukigawa wilaya kwa bahati nasibu, ukahoji watu, ukapeleka matokeo kwenye jarida ili wengine wajifunze, umefanya utafiti, hata kama mfadhili ameuita tathmini kwenye mkataba.

Dhana: Barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya imetoka, basi ridhaa ipo

Barua ya Mganga Mkuu (DMO) ni hodi. Kukaribishwa sebuleni hakukupi ruhusa ya kufungua makabati. Nesi akiona watafiti wanashuka kwenye gari la halmashauri, bosi wake kakaa kiti cha mbele, atakataa kwa mdomo gani? Mhoji peke yake, mweleze kwamba akikataa hakuna atakayeambiwa, na kweli usimwambie mtu. Kwenye majaribio yanayogawa vijiji au vituo ni vilevile: Tamko la Ottawa la 2012, mwongozo wa maadili kwa majaribio ya aina hiyo, linasema wazi kwamba idhini ya kiongozi haichukui nafasi ya ridhaa ya mtu mwenyewe pale inapohitajika.

Na jamani, msiende siku ya kliniki. Zahanati ina nesi mmoja, ninyi mmemfungia chumbani saa moja na nusu na kinasa sauti, nje benchi limejaa akina mama na vichanga. Hilo nalo ni dhara, ila kwenye fomu zetu halina kisanduku chake. Nendeni saa nane mchana.

Dhana: Takwimu za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) ni za serikali, hazina mwenyewe

Jumla za mwezi, sawa. Rejista yenyewe ina jina, kijiji na majibu ya VVU. Nimemkuta mkusanya data akipiga picha kurasa kwa simu yake "ili nijaze jioni gesti", na picha zimeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la timu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwa Tanzania, na ile ya Kenya ya 2019, zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Simu ya mkusanya data si kabati la kufungia.

Dhana: Kumlipa mshiriki ni kumhonga

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii kaacha shamba, kalipa bodaboda, kakaa kwenye mjadala wa kundi mpaka mchana, halafu umpe soda na asante? Nauli na fidia ya muda ni haki yake. Wasiwasi uwe pale kiasi kinapokuwa kikubwa hadi mtu anaficha anachokiogopa ili asikikose. Kiandike kwenye andiko, kamati itasema.

Dhana: Kibali kikishatoka, kamati imemalizana nawe

Umeongeza swali kwenye dodoso? Leta marekebisho. Umeongeza wilaya? Leta. Umemaliza? Rudi kwenye vituo ulivyohoji na kurasa mbili za Kiswahili, bila jedwali la rigresheni. Slaidi ulizowaonyesha wizarani, hata ukumbi ungejaa vipi, nesi wa zahanati hakuziona.